Kukata Mibuni Mizee Ili Izae Tena

Leo nataka tuzungumze juu ya kazi ambayo watu wengi huiogopa, nayo ni kukata mti ulio hai, tena mti uletao fedha nyumbani, mpaka kibaki kisiki kisichopita goti. Mti ninaousemea hasa ni mbuni, mti wa kahawa, katika vihamba vya Kilimanjaro na milima mingine ya kwetu. Lakini kanuni yake yafanana na ile ya mwaridi uliozeeka mbele ya kanisa, au kichaka cha maua kilichoziba madirisha ya shule.

Tazameni kwanza mbuni ulioachwa kukua upendavyo kwa miaka 20. Umerefuka hata mchumaji hana budi kuuinamisha kwa kamba, na mara nyingi huvunjika mikononi mwake. Matawi ya chini yamekauka au hayana kitu. Majani na matunda yote yako juu kabisa, kama kofia juu ya mlingoti. Mwenye shamba husema, "Udongo umechoka." Huenda ni kweli, lakini mara nyingi udongo wasingiziwa. Sababu iko katika namna mbuni wenyewe unavyozaa.

Mbuni wa arabika hutoa maua hasa katika sehemu ya tawi iliyokua msimu uliopita. Kifundo cha tawi kilichokwisha kuzaa hakizai tena, au huzaa kidogo sana. Basi kila mwaka mavuno husogea mbele kuelekea ncha ya tawi, na shina nalo huzidi kwenda juu kutafuta jua. Mwisho wake kila tawi hubaki na kipande kifupi tu cha kuzalia, na kahawa yake yote haijazi kiganja. Tena tawi la ubavuni likikatwa penye shina, halioti jingine mahali pale pale. Kwa hiyo kupunguza matawi peke yake hakuwezi kuurudishia ujana mti uliofikia hali hii. Yapasa shina lenyewe libadilishwe.

Na labadilishwaje? Chini ya gome la shina la zamani yamo macho yaliyolala. Maadamu kilele cha mti ki hai, macho hayo huzuiwa yasiamke. Kilele kikiondolewa, huamka na kutoa machipukizi. Huku chini ya ardhi mizizi ya miaka mingi ipo yote, pamoja na chakula kilichowekwa akiba ndani yake. Nguvu iliyokuwa ikilisha mti mkubwa sasa yalisha machipukizi machache, ndiyo maana chipukizi la kisiki hukua upesi kuliko mche uliotoka kitaluni.

Lakini msidhani kila mti una macho hayo. Mnazi una moyo mmoja tu, juu kabisa, uukate, umekwisha. Msaiprasi wa kuzungushia nyumba nao, ukikatwa mpaka penye mti mkavu usio na majani, hauchipui, na pengo hubaki hapo miaka yote. Mkaratusi huchipua, na mchai huchipua sana. Mchai hasa ni mti wa kupandwa na watoto kama ungeachwa. Ni kukatwa kwa zamu, kila baada ya miaka michache, kunakouweka chini kama meza ya kuchumia.

Sasa nije kwenye woga wenyewe, maana hapa ndipo mashauri mengi ya Bwana Shamba huishia. Kijana aliyetoka shuleni humwambia baba yake, "Baba, tukate mibuni." Baba hujibu, "Mwanangu, miti hii aliipanda babu yako. Ukiikata, karo ya wadogo zako itatoka wapi?" Neno la mzee huyu si la ujinga hata kidogo. Mbuni uliokatwa hautoi kahawa mavuno yanayofuata. Ya pili hutoa kidogo. Ya tatu ndiyo huanza kutoa vizuri. Anayekata shamba zima kwa siku moja atakaa na gunia tupu. Hivyo jibu si kumshinda mzee kwa maneno, ila kukata kwa zamu.

Wanafunzi, shikeni kalamu. Tuseme nyumba ina mibuni 400. Igawanyeni mafungu manne ya miti 100, na kila mwaka, baada ya mavuno, mkate fungu moja. Mavuno ya kwanza yatatoka katika miti 300 ya zamani. Mavuno ya pili yatatoka katika 200 ya zamani, na kidogo katika fungu la kwanza. Mavuno ya tatu yatatoka katika 100 ya zamani, lakini fungu la kwanza sasa litakuwa limesimama imara, na la pili limeanza. Mavuno ya nne hayana mti mzee hata mmoja, ila mafungu mawili yazaa vizuri na la tatu laanza. Mwaka wa dhiki ni ule wa pili, na kidogo wa tatu. Heri nyumba iujue mapema, iweke akiba. Tena mahali palipokatwa jua hufika chini, na maharage hustawi hapo kwa msimu mmoja au miwili kabla kivuli hakijarudi. Maharage hayo si karo, lakini ni chakula ambacho hakikununuliwa.

Wakati wa kukata ni baada ya kuchuma, kabla ya mvua kubwa. Kilimanjaro ni kama Januari au Februari, ili masika yakute macho yanaamka. Huko Mbozi na Mbinga, ambako kahawa huchumwa mapema na mvua huanza mwisho wa mwaka, ni Septemba au Oktoba. Msitumie panga wala shoka. Panga hupasua shina, na katika ufa huo maji hutuama na kuozesha kisiki. Tumieni msumeno mkali, mkate kwa mshazari ili maji ya mvua yateremke, futi moja hadi moja na nusu kutoka ardhini, yaani sentimita 30 hadi 45. Kisha laini uso wa jeraha kwa kisu. Miti iliyotobolewa na bungua ichomwe moto. Mingine ni kuni nzuri.

Mbuni wenye mashina mawili au matatu msiukate wote siku hiyo. Acheni shina moja lenye majani, liwe kama pua ya mti, liulishe mpaka machipukizi yafikie urefu wa futi moja hivi. Ndipo nalo likatwe. Mti uliodhoofika sana, uliozaa kupita nguvu zake hata majani yakapukutika, wastahili kwanza kupewa samadi na kufunikwa majani makavu ya migomba chini yake kwa msimu mmoja. Akiba yake imekwisha. Ukiukata leo, macho yataamka yasikute chakula.

Baada ya miezi miwili au mitatu kisiki hujaa machipukizi, pengine 20 au zaidi. Hapa ndipo watu wengi huharibu kazi yao njema. Huona huruma, au husahau, wakaacha yote, na baada ya miaka mitatu wana kichaka kibaya kuliko mti walioukata. Chagueni mawili, au matatu kama nafasi kati ya miti ni kubwa, yenye nguvu, yaliyoachana, yaliyotokea upana wa kiganja au zaidi chini ya mkato. Lililotokea ukingoni kabisa mwa jeraha hung'oka kwa upepo likibeba matunda. Mengine yote yaondolewe yangali laini, kwa mkono, na kazi hii irudiwe kila baada ya wiki kadhaa, maana macho hayalali tena upesi.

Kuna shamba ambalo kukata hakulisaidii. Kama mibuni ni ya aina ya zamani ishikwayo sana na chulebuni na kutu ya majani, machipukizi yatakuwa na udhaifu ule ule wa mama yao. Chulebuni ilitambuliwa kwanza Kenya mwaka 1922, na kutu ya majani ndiyo iliyoifuta kahawa ya Ceylon baada ya 1869. Si maradhi ya kuchezewa. Kituo cha utafiti cha Lyamungu, kilichoanzishwa mwaka 1934, kimetoa aina zinazostahimili maradhi haya. Mwenye shamba la namna hiyo afadhali apande mpya kwa zamu ile ile ya mafungu manne.

Nimeulizwa na walimu wenzangu juu ya waridi. Mwaridi mzee hukatwa vivyo hivyo, lakini si kwa urefu mmoja tu: matawi yaliyokufa na ya zamani kabisa hukatwa mpaka chini, na machache yenye afya huachwa futi moja hivi. Mkato uwe juu kidogo ya jicho litazamalo nje, ili kati ya mti pawe wazi na hewa ipite. Angalieni pia kifundo kilicho karibu na ardhi, mahali pale mwaridi wa bustani ulipopachikwa juu ya shina la mwaridi wa mwitu. Chipukizi litokalo chini ya kifundo hicho ni la mwitu. Ling'oeni tangu mzizi wake, hata likiwa zuri kuliko yote, kwani likiachwa litaumeza mwaridi wenyewe, nanyi mtabaki na miiba na maua madogo ambayo hamkuyapanda.