Je, Wajua? Ua la Kibarazani Huifanya Seli ya Saratani Ijiue

Aliyekulia pwani amelipita ua hili mara elfu bila kulitazama. Lina petali tano, za waridi au nyeupe, na kitundu kidogo katikati. Majani yake yanang'aa, na kila jani limepigwa mstari mweupe kutoka kikonyoni hadi nchani. Huota kando ya ukuta, kwenye kopo la rangi lililotobolewa chini, hata mchangani ambako hakuna anayelimwagilia. Mifugo huliepuka kwa uchungu wake.

Asili yake ni Madagaska. Wataalamu wa mimea huliita Catharanthus roseus. Zamani waliliita Vinca rosea, na ndiko dawa zake mbili kuu, vinblastini na vinkristini, zilikopata majina.

Dawa hizo ziligunduliwa na watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine. Mwaka 1952 daktari mmoja wa Kanada, Clark Noble, alipokea bahasha kutoka Jamaika yenye majani 25 ya ua hili, kwa kuwa huko watu waliyachemsha na kuyanywa kutibu kisukari. Akampa ndugu yake Robert, mtafiti katika Chuo Kikuu cha Western Ontario. Panya walionyweshwa maji ya majani hayo hawakubadilika, na sukari yao ilibaki ileile. Walipodungwa maji hayo kwa sindano walianza kufa kwa maambukizi, kwani seli nyeupe za damu zilikuwa zimepungua mno na uboho wao umedhoofika. Robert Noble na mwanakemia Charles Beer wakajiuliza: kama kitu hiki kinazimaliza seli nyeupe, kitafanya nini kwa saratani ya damu, ambayo ni seli nyeupe zilizozidi? Kufikia mwaka 1958 walikuwa wameichuja vinblastini. Vinkristini ilitoka katika maabara za kampuni ya Eli Lilly, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1963. Kupata gramu moja tu kulihitaji mamia ya kilo za majani makavu. Bahati njema ni kwamba dozi moja ya vinkristini kwa kawaida haizidi miligramu 2.

Dawa kidogo hivyo inawezaje kuangusha uvimbe?

Seli inapojiandaa kugawanyika hunakili kromosomu zake zote 46, kisha huzipanga mstari mmoja katikati. Kutoka ncha mbili za seli hutanda kamba nyembamba zinazoshika kila nakala na kuivuta upande wake. Kamba hizo hujengwa kwa matofali ya protini iitwayo tubulini, yakiongezwa huku na kubomolewa kule, saa zote. Vinkristini hulishika tofali, na tofali lililoshikwa halijengeki tena. Kromosomu hubaki zimejipanga bila wa kuzivuta, na seli haiwezi kusonga mbele wala kurudi nyuma.

Hapo bado iko hai. Kinachoiua kinatoka ndani yake.

Kila seli hubeba zana za kujimaliza, pamoja na protini za kuzizuia. Mojawapo ya hizo za kuzuia, MCL-1, huendelea kuvunjika kadiri seli inavyokwama. Kizuizi kikiisha nguvu, protini nyingine ziitwazo BAX na BAK hutoboa ukuta wa mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Hapo huvuja saitokromu c, ambayo maisha yake yote ilikuwa fundi wa nishati. Ikishatoka nje ya kinu inakuwa tangazo la msiba. Vimeng'enya viitwavyo kaspasi huamka na kuanza kukata. DNA hukatwa vipande, seli husinyaa, hutoa mapovu juu yake, kisha humegeka vifurushi ambavyo seli walaji huvimeza.

Mwaka 1972 John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikipa kifo hiki jina: apoptosi, neno la Kigiriki la kupukutika kwa majani. Miili yetu hukitumia kila siku kuondoa makumi ya mabilioni ya seli zilizochakaa. Seli ya saratani ni ile iliyojifunza kutopukutika.

Mti wa yew wa magharibi mwa Marekani huifikia seli hiyo kwa mlango wa pili. Mwaka 1979 Susan Horwitz na wenzake wa New York walionyesha kwamba taksoli, iliyotolewa katika gamba lake, huzigandisha kamba zisibomolewe. Kwa kuwa kamba isiyobomoka haivuti, seli hukwama palepale.

Afrika Mashariki ina sehemu yake katika habari hii. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alimwona mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote mbili. Akaanza kuwatafuta wengine, na mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walisafiri kwa gari takriban maili 10,000, hadi Afrika Kusini na kurudi, wakiuliza kila hospitali waliyopitia kama uvimbe huo unajulikana. Limfoma ya Burkitt, kama inavyoitwa leo, ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote: uvimbe unaweza kuwa maradufu kwa saa 24 hadi 48. Jeni iitwayo MYC ndiyo inayoisukuma seli igawanyike mfululizo, lakini jeni hiyohiyo huisogeza ukingoni mwa kifo. Seli hiyo ikipata msukumo wa dawa, inaanguka. Mwaka 1967 kituo cha kutibu limfoma hiyo kilifunguliwa Mulago, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda, na vinkristini ikachanganywa na dawa kama siklofosfamidi na methotreksati.

Vinkristini ina gharama. Neva nazo hutumia kamba za tubulini, kama reli za kusafirishia mizigo kutoka uti wa mgongo hadi vidoleni. Ndiyo maana mtoto anayetibiwa anaweza kufa ganzi miguu, kufunga choo, au kushindwa kufunga vifungo vya shati lake la shule. Ikipenya nje ya mshipa huunguza nyama. Ikidungwa kimakosa kwenye maji ya uti wa mgongo huua. Wala majani ya kibarazani si njia ya mkato: yana alkaloidi zaidi ya 100, nyingine sumu, na panya wa Noble walionyesha kwamba kuyanywa si sawa na kudungwa.

Wodini, mtoto mwenye limfoma ya Burkitt hutundikiwa dripu ya maji kabla ya dawa yenyewe. Seli zitakapoanza kufa zitakuwa nyingi mno kwa wakati mmoja, na mabaki yake yatamiminika kwenye damu. Hivyo figo huandaliwa mapema, na muuguzi hupima kila mkojo, siku zilezile ambazo taya linaanza kupungua.