Reli fupi ya Uvira na Kamanyola, na sababu ya kufa kwake



Asubuhi isiyo na ukungu, mtu aliyesimama ufukweni hapa Bujumbura anaiona milima ya Uvira ng'ambo ya ziwa. Chini ya milima ile iko bandari ya Kalundu. Wengi wetu tunaijua kwa mastima, mafuta ya mawese na samaki. Wachache wanajua kwamba zamani gari moshi lilitoka upande ule wa Uvira, likapanda bonde la Ruzizi mpaka Kamanyola. Njia hiyo ilikuwa na urefu wa kilomita 90 na kitu. Kampuni yake iliitwa Chemin de fer du Kivu, kwa kifupi CEFAKI. Ilianza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1930 na ikafungwa mwaka 1958.

Kwa nini Wabelgiji walitandika reli mahali pale? Mwaka 1928 serikali yao iliunda Comité National du Kivu, ikaipa madaraka ya kugawa ardhi kubwa ya Kivu kwa walowezi na makampuni. Walowezi walitaka kulima kahawa na mazao mengine ya kuuza Ulaya. Lakini zao lisilofika baharini halina bei, na kutoka Bukavu bahari ya karibu si ile ya Atlantiki. Ni Bahari ya Hindi, na mlango wake ni Kigoma.

Wajerumani walikuwa wamefikisha reli yao Kigoma mapema mwaka 1914, kilomita 1,252 kutoka Dar es Salaam. Vita vilipokuja, majeshi ya Wabelgiji yaliiteka Kigoma mwezi Julai 1916. Baadaye Waingereza walipewa Tanganyika, na Wabelgiji wakabaki na Ruanda na Urundi. Kwa mapatano ya tarehe 15 Machi 1921, Wabelgiji walipata viwanja vyao wenyewe vya bandari huko Kigoma na Dar es Salaam, kwa kodi ya faranga moja tu kwa mwaka, bila kikomo cha miaka. (Mwalimu Nyerere alipokaribia kupokea uhuru, mwezi Novemba 1961, alisema wazi kwamba Tanganyika huru haitafungwa na mapatano ya namna hiyo.) Basi njia ya kwenda baharini ilikuwa tayari. Kilichokosekana ni kipande cha kutoka milima ya Kivu mpaka ziwani, na kipande hicho ndicho CEFAKI iliahidi kukijaza.

Haikukijaza. Tatizo lilikuwa mteremko. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi, na Ziwa Tanganyika mita 770 hivi. Mto Ruzizi unashuka tofauti hiyo yote, lakini haushuki kwa usawa. Sehemu kubwa ya mshuko iko juu, kati ya Bukavu na Kamanyola, ndani ya makorongo. Ukishapita Kamanyola, mto unatulia na bonde linakuwa tambarare mpaka ziwani. Gari moshi ni mnyama wa tambarare. Magurudumu yake ya chuma juu ya chuma yanakokota mzigo mkubwa kwa nguvu kidogo, lakini yakikuta mlima yanateleza, na kila kilomita ya kupanda inadai mizunguko, madaraja na kuchimba miamba. Kwa hiyo reli ilijengwa pale palipokuwa rahisi kujenga, ikakomea mguuni mwa mlima. Ikaitwa Reli ya Kivu, nayo haikuyaona maji ya Ziwa Kivu hata siku moja.

Tufuate gunia moja la kahawa la kilo 60, tuone maana ya jambo hili kwa mwenye kazi ya mikono. Bukavu linapakiwa kwenye lori, lori linashuka mlima wa Ngomo kwa breki. Kamanyola linateremshwa, linapakiwa kwenye behewa. Uvira linateremshwa tena, linaingia stima. Kigoma linatoka stima, linaingia behewa la pili. Dar es Salaam linatoka behewa, linaingia meli. Hivyo ni vyombo vitano. Gunia limebebwa mabegani mara tano kupanda na mara nne kushuka kabla halijaiacha Afrika. Shehena ya tani 10 ni magunia zaidi ya 160, na kila gunia lina mgongo wake. Huyo aliyebeba ndiye ambaye hesabu za kampuni humwita "gharama za kupakia".

Hapa ndipo ulipo ugonjwa wa kila reli fupi. Kukokota mzigo kwa gari moshi ni rahisi kuliko kwa lori, lakini kuuhamisha kutoka chombo hadi chombo kunakula pesa, muda na mali, kwa sababu magunia yanapasuka na mengine yanapotea. Njia ikiwa ya kilomita 1,252, unafuu wa safari unalipa gharama ya kuhamisha na bado unabaki. Njia ikiwa ya kilomita 90, unafuu unamalizwa pale pale Kamanyola. Lori ambalo limekwisha kushuka mlima mkali halina sababu ya kusimama penye tambarare. Linaweza kuendelea mpaka gatini kwa saa chache. Malori yalipokuwa makubwa na barabara ilipotengenezwa, reli haikuwa na la kujibu.

Katika miaka yake mingi ya kazi reli hii iliishi kwa kazi ya bei rahisi. Katika Kongo ya Kibelgiji sheria ya mikataba ya kazi ya mwaka 1922 iliruhusu mfanyakazi Mwafrika aliyeacha kazi kabla ya muda kupelekwa gerezani. Vyama vya wafanyakazi Waafrika havikuruhusiwa mpaka mwaka 1946, na hata hapo vilikuwa chini ya macho ya serikali. Maana yake ni kwamba reli hii ilijengwa, na ikatumika zaidi ya miaka kumi, bila aliyebeba kuwa na chama cha kuuliza bei ya mzigo.

Mwaka 1958 ikafungwa. Wakati ule ule, makorongo yale yaliyoizuia yalikuwa yanapata kazi nyingine. Kituo cha umeme cha kwanza cha Ruzizi kilijengwa karibu na Bukavu mwaka 1958 na 1959, na umeme wake ukaja mpaka Bujumbura. Mwaka 1989 kikafuata Ruzizi ya pili, mali ya Burundi, Rwanda na Zaire kwa pamoja. Mashine nyingi za viwanda vyetu zimezungushwa na maporomoko ambayo gari moshi lilishindwa kuyapanda.

Sasa habari ya reli imerudi. Mwezi Januari 2025 Burundi na Tanzania zilitia sahihi mkataba na makampuni ya Kichina wa kujenga reli kutoka Uvinza, iliyo kwenye njia ya Kigoma, mpaka Musongati penye nikeli. Mipango inataja kuendelea mpaka Gitega na Bujumbura, halafu Uvira na Kindu huko Kongo. Wenzetu wa bandarini wanauliza kazi yao itakuwaje. Jibu linategemea sana mahali reli itakapokomea. Kati ya Gitega na Bujumbura kuna kilele cha zaidi ya mita 2,000, na kutoka Bugarama njia inaanguka mpaka kwenye ziwa la mita 770. Mshuko huo ni mkubwa kuliko ule wa Kamanyola. Reli ikisimama upande wa pili wa mlima, nikeli itapata njia ya moja kwa moja mpaka baharini, lakini saruji, mbolea na mafuta ya kuja Bujumbura vitateremshwa kwenye behewa na kupakiwa kwenye lori, au vitaendelea kupita Kigoma na stima kama sasa.