Wavu Ndani ya Damu

Vijana munaoshuka katika mashimo, mumekwisha kuona namna mutu anakatika na chuma, marafiki wanamufunga kitambaa, na nyuma ya dakika moja wanakifungua. "Tuone kama damu imesimama." Damu inatoka tena! Hata mimi nilifanya vile kwa mutoto wangu.

Ndani ya damu muko kitu kinachoitwa fibrinojeni, garama 2 mpaka 4 tu katika litre moja. Pale penye kidonda, kitu kingine cha damu, trombini, kinaikata vipande vidogo pembeni, na mara moja inaanza kushikamana yenyewe, pasipo mutu wa kuipanga. Inakuwa nyuzi, nyuzi zinakuwa wavu, na maji inabaki ndani. Ni laini sawa uji uliolala.

Wenye elimu walijua ile namna gani? Torati inaomba mashahidi wawili ao watatu, na hapa pia ilikuwa vile. Shahidi wa kwanza ni picha. Mwaka 1959, kule Marekani, Hall na Slayter walionyesha fibrinojeni kwa mikroskopi ya elektroni: inafanana na kamba yenye mafundo matatu. Urefu wake ni nanometa karibu 45 (kata milimeta moja vipande milioni, kipande kimoja ndicho nanometa). Lakini mikroskopi ile inaomba kitu kikauke, na wavu ukikauka unajikunja. Nani atashuhudia kama ulikuwa vile ungali na maji?

Shahidi wa pili ni mionzi ya X. Wanaipitisha katika wavu ungali mubichi, na wanapima pembe ambapo inatawanyika, sawa mwangaza wa tochi unavyotawanyika katika moshi wa jiko. Kitu kikubwa kinatawanya karibu na njia, kidogo kinatawanya mbali. Ikaonekana alama yenye kurudi kila nanometa 22 na nusu: nusu ya urefu ule! Basi zinapangwa kama matofali ya muashi, kila moja inakalia nusu ya mwenzake. Mikroskopi nayo iliona mistari ya kipimo kile kile.

Sasa, wavu mupya ungali mulegevu. Kuko kitu kingine katika damu chenye kuukaza polepole. Ukifungua kitambaa mbele ya wakati, unaupasula. Kandamiza kwa nguvu dakika 10, tazama saa, usichungulie. Damu ikipita, ongeza kitambaa kingine juu, kile cha kwanza usikitoe, na mupeleke ndugu yako ku lopitalo mbio.