Kabla ya Kung'oa Jino, Moyo Utajwe

Miongoni mwetu tuishio Riyadh na Jeddah wamo waliotoka nyumbani na moyo ulioharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi, ambayo huanzia kwenye koo lisilotibiwa. Wengine wamekwisha kutiwa vali za bandia. Hao huenda kung'oa jino wakanyamaza, wakidhani meno na moyo ni mambo mbali mbali. Sivyo. Jino ling'olewapo, vijidudu vya kinywani huingia katika damu. Vikitua kwenye vali ya bandia vyaweza kuiharibu, na maradhi hayo huua.

Kwa hiyo twasihi tabibu wa meno aambiwe mapema. Atoshekaye na maneno machache aseme *simaam sinaai*, yaani vali ya bandia, au *musayyil dam*, dawa ya kuzuia damu isigande. Mwenye vali hiyo, au aliyewahi kuambukizwa hivyo moyoni, hupewa dawa ya kuua vijidudu, aghalabu amoksilini gramu 2, dakika 30 hadi 60 kabla ya kung'olewa. Mwenye kudhuriwa na penisilini aseme. Tangu 2007 mabingwa wa Marekani hawaipendekezi kwa kila mgonjwa wa moyo. Basi mtu asijipimie.

Atumiaye warfarini asiiache kwa rai yake. Apimwe kwanza damu; fizi itokayo damu hubanwa na kushonwa, bali damu ikiganda ndani ya vali ni msiba.

Na mswaki, sunna tuliyorithi, usitutoke: kinywa safi ni kinga ya kila siku.