Je, Kamera Hii Yafaa Kuuziwa Ng'ombe?

Ndugu msomaji, tazama ukutani nyumbani mwako. Huenda ikawapo picha moja ya zamani ndani ya fremu ya kioo: babu ameketi kitini, mikono juu ya magoti, na bibi amesimama kando yake; wote wawili wanakutazama bila kucheka. Picha ile ilipigwa mara moja tu, maana filamu ilikuwa ghali, na mpiga picha hakuwa na nafasi ya kubahatisha. Leo mambo yamegeuka. Kijana mwenye simu hupiga picha mia katika arusi moja. Kisha siku moja simu yaanguka mtoni, na picha zote zaenda nayo.

Tena katika nyumba nyingi siku hizi limezuka ombi hili: "Baba, nataka kamera ya kweli. Nitapiga picha za arusi, za kipaimara na za shule, nami nitapata riziki." Baba hutazama zizini, mama hutazama sanduku la akiba, na wote wawili hawajui wajibu nini. Kamera ni nyingi, majina yake ni magumu, na mwenye duka husifu kila aliyo nayo. Basi leo tuitazame moja kwa makini, kamera pamoja na lenzi yake, ili ujue fedha yako yanunua nini, na nini hainunui.

SURA YA ZAMANI, KAZI YA LEO

Kamera yenyewe yaitwa Nikon Zf. Ilitangazwa mwezi wa Septemba 2023. Waliyoitengeneza ni kampuni ya Kijapani iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1917, ambayo tangu mwaka 1959, ilipotoa kamera iitwayo Nikon F, imejulikana sana kwa wapiga picha wa magazeti. Zf imefanywa ifanane na dada yake mkubwa, FM2 ya mwaka 1982, iliyotumia filamu. Haikukusudiwa mtu anayeanza tu, wala si ile kubwa kabisa ya wapiga picha wa michezo. Ni ya mpenzi wa picha, mtu aliyekwisha kuonja kazi hii na anayetaka kuimiliki kwa mikono yake mwenyewe.

Ukiishika mara ya kwanza utasikia uzito wake. Pamoja na betri na kadi ni gramu 710, na chuma chake ni baridi mkononi kama jembe la asubuhi. Juu yake mna vigurudumu vitatu vya shaba, vya kuzungusha kwa vidole kama redio za zamani. Kimoja ni cha kasi ya kufunga na kufungua, kimoja ni cha wepesi wa kupokea mwanga, na kimoja ni cha kuongeza au kupunguza mwanga wa picha. Namba zimechorwa juu yake waziwazi. Faida yake kwa mwanafunzi ni kubwa: kazi ya kamera yaonekana kwa macho, haikufichwa ndani ya kioo cha kupapasa. Aliyefundishwa na vigurudumu vile kwa mwezi mmoja ataelewa kamera yoyote nyingine.

Upande wa mbele ni karibu bapa kama wa kamera ya kale. Nundu ya kukamata kwa vidole ni ndogo mno. Ukiweka lenzi ndogo, mkono hauchoki. Ukiweka lenzi ndefu na nzito, mkono wa kushoto lazima uibebe, na ukanda wa shingoni si pambo tena. Wengine huongeza kishikio cha kufunga kwa chini. Ndiyo bei ya uzuri wa sura. Mwenye kununua na ajue mapema.

JICHO LAKE NDANI YA GIZA

Penye filamu ya zamani, sasa mna kipande kidogo cha kupokea mwanga, kiitwacho sensa. Katika kamera hii ukubwa wake ni sawa na picha moja ya filamu ile: upana milimita 36, kimo milimita 24. Cha simu ni kidogo mno kuliko hicho. Kwa nini ukubwa una maana? Fikiri mvua inanyesha, nawe umetega sufuria, na jirani ametega kikombe. Mvua ni ile ile, lakini nani atapata maji mengi? Kadhalika sensa kubwa hukusanya mwanga mwingi zaidi, na picha ya jioni haijai chengachenga.

Sensa hiyo ina nukta milioni 24.5. Usidanganywe na wauzaji wanaohesabu nukta tu, kana kwamba wanauza mahindi kwa punje. Nukta hizo zatosha kuchapisha picha yenye upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 34, ikatazamwa kwa karibu, ikawa safi. Nani kijijini aweka kubwa kuliko hiyo ukutani?

Nimeijaribu ndani ya nyumba usiku, mwanga ukiwa ni taa moja ya sola iliyotundikwa kwenye boriti. Mama mzee alikuwa akichambua maharage. Picha ilitoka na mikunjo ya mikono yake, na rangi ya kitenge ilibaki rangi ya kitenge. Chengachenga zilikuwapo katika vivuli, lakini kidogo, kama unga juu ya kinu. Tena haikuhitaji fleshi, ile inayowafanya watu wafumbe macho.

Ndani yake mna mtambo wa kuzuia mtikisiko wa mkono, ambao watengenezaji wanaupimia hatua 8 kwa vipimo vyao. Kwa kazi ya kawaida, niliweza kupiga picha ya chumba kwa nusu sekunde bila kuiweka kamera juu ya kitu, nayo ikatoka safi. Lakini shika jambo hili: mtambo huo hutuliza mkono wako, hauwatulizi wengine. Mcheza ngoma atatoka kama moshi ukimpiga kwa nusu sekunde. Kwake yeye yakupasa kuongeza kasi, 1/250 ya sekunde au zaidi.

Kulenga nako ni kwepesi. Kamera huutambua uso na macho ya mtu, humtambua mbwa, paka na ndege, hata pikipiki na baiskeli. Mtoto akija mbio, kialama kidogo humfuata machoni. Tena yaweza kupiga bila sauti yoyote, jambo jema kanisani na msibani, mahali ambapo mpiga picha hapaswi kuwa mgeni wa heshima.

LENZI ISIYOVUTA

Lenzi iliyokuja nayo ni ya milimita 40, yenye tundu la f/2. Uzito wake ni gramu 170 tu. Ganda lake ni plastiki, hata mahali pa kuunganisha na kamera ni plastiki. Ni nyepesi, si ya kupigwa pigwa.

Lenzi hii haivuti mbali wala haisogezi karibu. Wataka kumkaribia mtu? Tembea. Wataka watu wengi? Rudi nyuma. Hapo kijana aliyezoea kuvuta kwa vidole atanung'unika, kisha baada ya siku tatu atafahamu kwamba miguu yake imeanza kufikiri. Hesabu yake ni rahisi, nawe yafaa uikariri: ukisimama mita 10 mbali, wapata upana wa mita 9. Ukimpa kila mtu nusu mita, basi ni watu 18 bega kwa bega katika safu moja. Kwa ukoo mkubwa panga safu tatu au nne, wafupi mbele, wazee vitini, na kabla ya hapo tazama kama nyuma yako pana nafasi ya kurudi. Kwa kitu kidogo, kama mikono yenye pete, yaweza kusogea hadi sentimita 29.

Tundu la f/2 ni kama mboni ya paka usiku: hufunguka sana, mwanga waingia tele. Lakini kila faida ina kodi yake. Tundu likiwa wazi, kitu kimoja tu huonekana wazi, na vilivyo mbele na nyuma yake huwa ukungu. Kwa picha ya bibi arusi peke yake, uzuri mtupu: nguo zilizoanikwa nyuma yake hazionekani tena. Kwa safu tatu za ukoo, ni hatari: walio mbele wazi, shangazi wa nyuma ukungu, nawe utaulizwa kwa nini umemchukia shangazi. Hapo funga tundu hadi f/8.

CHAKULA CHAKE NA GHALA LAKE

Betri moja, ikijazwa, huhesabiwa kupiga picha kati ya 360 na 380 kwa kipimo cha viwandani. Arusi ya kutwa yataka betri mbili. Heri kwamba hujazwa hata kwa waya wa USB-C, kama simu nyingi za leo. Penye sola yenye nguvu ya kutosha, hapana shida.

Picha huhifadhiwa katika kadi mbili: moja ya kawaida ya kamera, na moja ndogo kama ukucha, ile ile itumiwayo katika simu. Iamuru kamera iandike kila picha katika kadi zote mbili. Kadi moja ikiharibika, arusi ya watu haijapotea. Vilevile hupeleka picha kwenye simu bila waya, ukazituma jioni ile ile.

Na vumbi je? Imezibwa kiasi cha kustahimili vumbi na matone, lakini si mtungi. Usibadilishe lenzi barabarani basi likipita. Ingia ndani, elekeza kamera chini, badilisha upesi, funika.

SASA TUINGIE ZIZINI

Ilipotolewa mwaka 2023, bei yake nchini Marekani ilikuwa kama dola 2,000 kamera peke yake, na kama dola 2,240 pamoja na lenzi hii. Ukihesabu dola moja kuwa shilingi 2,500 za Tanzania, ni shilingi 5,600,000, kabla ya ushuru na nauli, kabla ya kadi, betri ya pili na mfuko.

Chukua kalamu, ndugu yangu. Tuseme kila kazi yamwachia mwanao shilingi 50,000 baada ya kulipa nauli na kuchapisha. Kurudisha fedha ya kamera kwataka kazi 112. Akipata kazi mbili kila mwezi, ni miezi 56, yaani karibu miaka mitano. Akipata nane kila mwezi, ni miezi 14. Basi swali la kumwuliza si, "Kamera hii ni nzuri?" Ni nzuri. Swali ni, "Unao watu wangapi wanaokuita sasa?"

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Mambo yanayofanya picha iwe picha hayauzwi dukani. Kumweka mtu karibu na mlango, mwanga ukimjia kwa ubavu. Kukataa jua la saa sita, lichimbalo mashimo meusi machoni. Kutazama nyuma ya mtu, isije nguzo ikamea kichwani mwake. Kungoja mpaka asahau kwamba anapigwa picha. Kuomba ruhusa kwanza. Hayo yote hufundishika kwa simu iliyo mfukoni, au kwa kamera ya mkono wa pili, na asiyeyajua atayakosa hata kwa milioni tano.

Kwa hiyo mpe mwanao jaribio. Kwa muda wa miezi mitatu, na apige kwa chombo alicho nacho au cha kuazima. Kila mwezi achague picha kumi tu, azichapishe, aziweke mezani mbele ya jamaa. Aandike katika daftari nani alimwita, alilipwa ngapi, alitumia ngapi. Miezi mitatu ikiisha, daftari litasema lenyewe.

Likionyesha kwamba wateja wapo, na kwamba kinachomzuia ni giza la ukumbi na udhaifu wa chombo chake, basi amekwisha kuwa fundi. Fundi hanyimwi nyundo. Kamera kama hii itamtumikia, na vigurudumu vyake vitamwongezea maarifa. Hata hivyo auze kuku kwanza, aanze na chombo cha mkono wa pili, apande ngazi.

Lakini daftari likiwa tupu, mwache ng'ombe zizini. Ng'ombe huzaa, kamera haizai, na kila mwaka mpya bei yake yapungua sokoni.