MAUA NA MBOGA KWA MAJI YA KUOSHEA MCHELE

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Nimeanza na methali hiyo kwa sababu najua utakaloniambia ukisikia habari za kulima bustani. Utaniambia kwenu hakuna nafasi kwa kuwa mwaishi nyumba ya kupanga. Utaniambia udongo wa huku kwetu pwani ni mchanga mtupu. Mwisho utaniambia maji hayapatikani. Yote hayo ni kweli wala sitayabisha. Sisi pia twaishi nyumba ya kupanga huku Likoni, ua wetu ni hatua 12 kwa 7, na maji twanunua kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni. Hata hivyo, ninapoandika makala haya, uani kwetu mna maua ya aina tatu, mboga za aina mbili, mrehani na mchaichai. Hebu nikueleze ilivyokuwa, nawe ukipenda ujaribu.

Chanzo cha mambo yote ni msmini wa nyanya yangu. Nyanya, Mungu amrehemu, alikuwa na msmini mlangoni pa nyumba tuliyokaa zamani. Kila alasiri alichuma tumba zikiwa bado zimefumba, akaketi mkekani akazitunga kwa uzi, na jioni akatoka kwenda kuuza. Mimi nikimshikia kikapu alinitania, "Mume wangu, ukioa usimsahau mkeo wa kwanza." Alifariki mwishoni mwa mwaka wa 2023. Haukupita muda, mwenye nyumba akataka kubomoa ajenge upya, nasi tukaambiwa tuhame. Msmini ule haukuweza kung'oka, mizizi yake ilikuwa imeingia chini ya ukuta. Basi nikakata vipandikizi 8, nikavitia katika mikebe ya kasuku, nikahama navyo.

Ilikuwa mwezi wa Januari, kaskazi yavuma, jua kali la kupasua kichwa. Siku ya tatu mama akanikuta nikivimwagilia maji ya mtungi. Lo! "Wee mwana! Maji ya kununua wayamwaga mchangani? Ua hilo tutalipika tule?" Sikuwa na jibu. Mama hakukosea, maana mtungi ule ndio wa kunywa na kupikia. Tangu siku hiyo ikawa sharti nitafute maji ambayo hayana kazi nyingine nyumbani, la sivyo msmini wa nyanya ufe.

Nilipoanza kuangalia vizuri, niligundua kwamba kila siku twamwaga maji mengi bila kujua. Kuna maji ya kuoshea mchele na mboga, ambayo kwetu hufika lita 3 au 4 kwa siku. Kuna na maji ya kusuuza nguo siku ya Jumamosi, ambayo hujaza ndoo mbili. Lakini si kila maji yafaa kila mmea. Maji ya mchele na ya mboga ni salama kwa mimea yote. Maji ya kusuuza nguo mimi huwapa maua peke yake, wala siyatii katika mboga za kuliwa. Maji ya povu zito la kwanza, maji yenye dawa ya kutoa madoa, na maji yenye chumvi hayafai hata kidogo, kwani chumvi na magadi ya sabuni hukaa udongoni na kuunguza mizizi. Mwagilia asubuhi na mapema au jioni, tena mwagilia shinani. Ukimwagilia saa saba mchana, jua litakunywa kabla ya mmea.

Jambo la pili ni udongo. Mchanga wetu haushiki maji, unamimina juu yanatokea chini. Dawa yake iko karibu nasi, nayo ni makumbi ya nazi. Mimi huyachambua, nikayaroweka usiku kucha nikamwaga maji yale, kisha nikayatandika chini ya mkebe. Nyuzi zake hushika maji kama sifongo. Juu yake natia mchanga uliochanganywa na mbolea. Mbolea yenyewe hainunuliwi. Chimba shimo dogo pembeni mwa ua, utie maganda ya ndizi, maganda ya viazi, majani makavu na samadi ya mbuzi ukiipata. Funika kwa mchanga, uwe ukigeuza mara kwa mara. Baada ya miezi mitatu hivi utakuta kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya mvua. Hiyo ndiyo mbolea. Mwisho tandaza majani makavu juu ya udongo ili jua lisiukaushe.

Mikebe na pakiti za maziwa zatosha kuwa vyungu. Tangu mwaka wa 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini, lakini pakiti ya maziwa iliyokwisha kazi ni kitalu kizuri cha mche mmoja. Toboa matundu chini maji yapate kutoka. Ila nakuonya, usiweke kisahani chenye maji chini ya mkebe. Mbu wa dengi na chikungunya hutaga katika maji kidogo yaliyotuama kama hayo. Mombasa iliwahi kukumbwa na dengi mwaka wa 2013 na 2014, na chikungunya kati ya mwaka wa 2017 na 2018, kwa hivyo si jambo la mzaha.

Sasa tuje kwenye mimea yenyewe. Anayeanza asianze na waridi. Mawaridi ya Kenya yanayouzwa Ulaya hulimwa sehemu kama Naivasha, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwenye baridi ya usiku na maji ya ziwa. Kwetu sisi waridi ni mgeni wa kubembelezwa. Anza na wenyeji wa jua.

La kwanza ni portulaka. Majani yake ni manene, yamejaa maji, ndiyo sababu halijali kiu. Huhitaji mbegu. Omba kwa jirani kikonyo cha urefu wa kidole, kichomeke mchangani, umekwisha. Nyumbani twaliita ua la saa nne, kwa kuwa hufunguka jua likishika makali na kufumba alasiri. Siku ya mawingu halifunguki, linakununia kutwa. Lina rangi nyekundu, manjano, nyeupe na zambarau, na mkebe mmoja ukijaa huwa kama leso mpya.

La pili ni vinka, lile ua la waridi au jeupe lenye petali tano ambalo huota hata kwenye ufa wa saruji. Wengi walidharau, lakini lina historia kubwa. Asili yake ni Bukini, yaani Madagaska. Watu wa Jamaika walikuwa wakinywa majani yake kwa ugonjwa wa sukari, na majani hayo yakafika Kanada ili yachunguzwe. Wataalamu Robert Noble na Charles Beer hawakuona sukari ikipungua katika damu ya panya, bali waliona chembe nyeupe za damu zikipungua. Mwaka wa 1958 wakatangaza dawa waliyoitoa humo, vinblastini. Nyingine ya ukoo huo, vinkristini, husaidia kutibu saratani ya damu kwa watoto hadi leo. Ama kweli, usidharau usilolijua! Lakini tafadhali, usije ukatafuna majani yake. Ni sumu, na dawa ya hospitalini hupimwa kwa miligramu. Kulipanda ni rahisi. Chini ya mama utakuta watoto wameota wenyewe. Ng'oa wawili watatu jioni, panda, na usizidishe maji maana huoza.

La tatu ni mrehani. Huu hauna ua la kuringia, lakini harufu yake ndiyo inayokamilisha kikuba. Kata kitawi, ondoa majani ya chini, kitie katika gilasi ya maji dirishani. Kwa wiki moja au mbili mizizi hutoka. Ukiukata vichwa kila unapotaka kuchanua, utazidi kutoa majani.

Mboga nazo ni mchicha na kunde. Mbegu za mchicha ni ndogo sana, basi zichanganye na mchanga mkavu ndipo uzinyunyize, zisirundikane mahali pamoja. Baada ya mwezi mmoja hivi unachuma. Acha shina moja lizeeke, litakupa mbegu za msimu ujao na za kuwagawia majirani. Kunde panda mbili mbili kwa shimo, na majani yake machanga uyachume baada ya wiki tatu au nne. Ukizing'oa kunde utaona vinundu mizizini. Ndani yake mna vijidudu ambavyo huchukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea. Kwa hivyo mahali palipootea kunde, mwaka unaofuata panda mchicha. Mchaichai nao huhitaji kugawa tu shina lenye mizizi, na ukinawiri chai ya jioni haikosi kiungo.

Wadudu watakuja, hilo usitilie shaka. Vidukari walipovamia kunde zangu, sikununua dawa. Nilichuma majani ya mwarobaini, nikayatwanga, nikayaroweka usiku kucha, nikachuja, nikatia sabuni kidogo na kunyunyizia jioni chini ya majani. Nilirudia kila baada ya siku chache mpaka wakapungua. Kabla ya kula, mboga huoshwa vizuri.

Sasa msmini. Kipandikizi kizuri hutoka kwenye tawi ambalo si changa sana wala halijakomaa likawa gumu, chenye urefu wa karibu sentimita 12. Ondoa majani ya chini, bakisha machache juu, fukia vifundo viwili katika mchanga wenye unyevu, na ukiweke kivulini. Hapo ni subira, mwezi mmoja hata miwili. Usikivute kutazama kama kimeshika mizizi. Nasema haya kwa sababu mimi nilivuta. Katika vile 8, viwili niliviua kwa kuvivuta, vitatu vilikauka kabla sijajua siri ya makumbi, na kimoja kililiwa na mbuzi wa jirani. Vikabaki viwili. Mvua za masika ziliponyesha vikatoa majani mapya, nikavihamishia ardhini karibu na mlango wa jikoni, pale maji ya mchele yanapomwagwa.

Asumini hii yetu asili yake ni Asia ya kusini, na huko Ufilipino ndiyo ua la taifa tangu mwaka wa 1934. Lakini kwangu mimi ni ua la nyanya. Mwezi wa Novemba mwaka huo wa 2024, jioni moja, tumba tatu zilifunguka. Mama alikuwa akipepeta mchele. Akainua uso, akanusa, akanyamaza. Kisha akainuka akachuma moja, akaichomeka kwenye nywele chini ya leso, akarudi kwenye ungo wake. Hakuniambia neno. Asubuhi yake nilikuta beseni la maji ya mchele limewekwa kando ya mlango, limefunikwa kwa sinia. Tangu siku hiyo hajamwaga maji hayo ovyo. Na siku nikichelewa kurudi kutoka shule, huyamwaga shinani yeye mwenyewe.

Siku hizi tumba zikiwa nyingi nazitunga kama nilivyofundishwa, na mama huwauzia majirani siku za arusi. Si pesa nyingi, lakini zimewahi kununua mtungi wa maji. Basi lile swali la mama sasa nina jibu lake. Ua halipikwi, ni kweli, lakini la kwetu limewahi kulipia maji ya kupikia.

Wenzangu wa kidato cha tatu wamezoea kunicheka, ati mvulana na maua! Nami nawauliza, yale matuta ya maua mbele ya ofisi yetu ya shule, mbona kila mwaka tukifungua Januari twayakuta yamekauka? Ni kwa sababu tunapanda maua yanayotaka kumwagiliwa kila siku, kisha tunakwenda likizo. Pendekezo langu kwa chama chetu na kwa walimu wetu ni kwamba tupande vinka na portulaka, tutandaze majani makavu, na maji ya kunawia mikono yasiyo na povu nyingi tuyaelekeze huko kwa mfereji. Miche ya kuanzia mimi nitaleta, bure bilashi.

Nawe, msomaji mwenzangu, usingoje shamba. Leo jioni mchele ukioshwa kwenu, shika lile bakuli kabla halijamwagwa. Haba na haba hujaza kibaba. Kalamu naiweka hapa, kwa maana jua linatua na asumini hazijachumwa.