Bidhaa za Mawakala Katika Minada ya Mitandaoni

Sehemu ya Pili: Chupa Ikishauzwa ni ya Nani?

Katika sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza jinsi biashara ya kuuziana ana kwa ana ilivyoenea Njombe na Makambako, na jinsi mawakala wa makampuni ya aina hiyo wanavyopita majumbani, maofisini na katika vikundi vya kina mama wakiuza jeli za mshubiri, ambao wengi huuita alovera, pamoja na dawa za meno, vipodozi na vyakula vya lishe ambavyo kampuni hazitaki vionekane kwenye rafu za duka lolote. Leo tunaingia katika kiini cha suala lenyewe: bidhaa ambayo kampuni imeshurutisha iuzwe na wakala wake tu inapotangazwa katika masoko na minada ya mitandaoni, tena kwa bei iliyo chini ya ile ya wakala, ni nani aliyekosa, na kosa hilo litengenezwe vipi?

Tulitazame jambo hili kwa karibu. Tangazo lenyewe huwa fupi: picha ya chupa ya njano iliyosimamishwa juu ya kitambaa cha meza, bei, maneno "maongezi yapo", na namba ya simu. Anayeitaka hulipa kwa simu, na siku hiyo hiyo mzigo hukabidhiwa kondakta wa basi katika stendi ya Makambako, mji ambao barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma inaachana na ile iendayo Njombe hadi Songea, jina la mpokeaji likiwa limeandikwa kwa wino mzito juu ya boksi. Mpokeaji akiigeuza chupa kuitazama namba ya toleo, pengine hukuta pamekwanguliwa kwa wembe. Aliyepakwangua alijua vema alichokuwa akikifanya, maana kwa namba ile kampuni ingeweza kujua mzigo ulitoka ghala gani na ulichukuliwa na wakala yupi.

Mwenye kuumia kwanza ni wakala mwaminifu wa Njombe mjini, aliyeinunua chupa kama ile kwa bei ya mwanachama, akalipa nauli ya mzigo, akaenda kwa mteja mara mbili na tatu kumweleza matumizi yake, na siku ya kuuza akaonyeshwa simu na kuambiwa, "Mama, mbona huku naiona kwa bei ya chini?" Malalamiko yake ni ya haki, kwa kuwa kazi ya kueleza ameifanya yeye, na faida yake imekwenda kwa mtu asiyeeleza lolote. Lakini haki ya kulalamika ni jambo moja, na haki ya kumzuia mwingine asiuze ni jambo jingine, na hapo ndipo wengi wanapochanganya mambo.

Asili ya hukumu katika jambo hili ni ya zamani kuliko mitandao yote: mtu akishanunua kitu kwa halali, akalipa thamani yake na kukabidhiwa, kitu hicho kimekuwa milki yake, naye ana hiari ya kukitumia, kukitoa hidaya au kukiuza. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imesimama juu ya msingi huo wa milki kuhama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi. Mkulima wa viazi wa Njombe akishauza magunia yake na kupokea fedha, hawezi kuyafuata hadi Dar es Salaam akaamuru yauzwe na nani na kwa bei gani. Na kampuni, pamoja na ukubwa wake, haina haki inayoishinda ile ya mkulima. Huko Marekani mchapishaji Bobbs-Merrill aliandika ndani ya riwaya aliyoitoa kwamba bei yake ni dola 1, na kwamba atakayeiuza kwa chini ya hapo atahesabiwa kuwa amevunja haki yake. Wenye duka la Macy's wakaiuza kwa senti 89, shauri likafika Mahakama ya Juu ya nchi ile, na mwaka 1908 mahakama ikaamua kwamba haki ya mchapishaji ilikuwa ni kuiuza nakala mara ya kwanza, na maneno yaliyochapwa kitabuni hayamfungi mtu ambaye hakufunga mkataba naye.

Hata hivyo, asije mtu akaichukua hukumu hiyo akadhani kwamba kila mlango umefunguliwa. Wakala si mnunuzi tu. Ni mtu aliyetia saini, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, humfunga kwa ahadi yake. Kampuni za aina hii, ikiwamo Forever Living iliyoasisiwa Arizona mwaka 1978, huweka kanuni za kumkataza wakala kuuza katika tovuti za mnada, naye akizivunja aweza kuupoteza uwakala wake. Ilhali jirani yake aliyenunua chupa tatu, akatumia moja na kuziuza mbili, hakuahidi lolote, wala hana la kujibu. Kampuni ya vipodozi ya Mary Kay, iliyoanzishwa Dallas mwaka 1963, ilimshtaki mwanamke aliyewahi kuwa wakala wake kwa kuuza bidhaa zake mtandaoni, zikiwamo alizoziuza kupitia mnada wa eBay, na mwaka 2009 baraza la mahakama huko Texas likamtaka alipe zaidi ya dola milioni 1. Uzito wa shauri lile haukuwa katika kuuza kwenyewe, bali katika namna ya kuuza: jina la kampuni kutumiwa kiasi cha kumfanya mnunuzi adhani kwamba muuzaji ana idhini yake, na bidhaa zilizopitwa na muda kutiwa sokoni.

Hapo ndipo na sheria zetu zinapokuwa na nguvu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumhadaa mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayosimamia pia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 dhidi ya bidhaa bandia; Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa njia hiyo ajitambulishe kwa jina na anwani; na usimamizi wa vyakula na vipodozi tangu mwaka 2019 uko chini ya Shirika la Viwango. Wanazuoni wa fiqhi nao, pamoja na wengi wao kuihalalisha biashara ya mnada, waliharamisha ghishi na kuificha aibu ya bidhaa. Kwa hiyo chupa iliyokwanguliwa tarehe yake ya mwisho, au iliyojazwa upya, haina kinga ya milki, kwa kuwa si ile iliyouzwa mara ya kwanza.

Lakini tukiishia kwenye sheria tutakuwa tumewafukuza wauzaji na kuliacha chimbuko likitiririka. Mzigo ule umefikaje mtandaoni? Aghalabu umetoka kwa wakala mwenyewe. Mwisho wa mwezi anahitaji pointi chache apande daraja. Aliyemwingiza anamsisitiza anunue, kwa kuwa pointi za aliye chini humpandisha na aliye juu yake. Ananunua kwa akiba ya kikundi au kwa mkopo, na maboksi yanalala chini ya kitanda. Januari inafika, watoto wanataka sare na madaftari, mkopo unadaiwa, na wateja wa Makambako wanangoja mavuno. Hapo anauza kwa hasara kwa yeyote atakayepokea simu. Mtu huyu amevunja mkataba, naam, lakini aliyemtwika mzigo usiouzika ametangulia kukosa.

Ulimwengu umekwisha kuliona hilo. Mwaka 1979 Tume ya Biashara ya Marekani, katika shauri la Amway, ilikubali kwamba kampuni ile haikuwa upatu wa hila, na miongoni mwa hoja ilizozizingatia ni kanuni ya kumtaka wakala awe ameuza asilimia 70 ya alichonunua, na ile ya kununua tena bidhaa za wakala anayejitoa. Lakini tume hiyo hiyo iliikataza kampuni isiwapangie mawakala bei ya kuuzia. Shirikisho la dunia la vyama vya biashara hii nalo limeweka katika maadili yake kwamba wakala anayejitoa anunuliwe bidhaa zake zinazouzika, alizozichukua katika miezi 12 iliyopita, kwa makato yasiyozidi asilimia 10.

Basi rai yangu kwa viongozi wa timu za Njombe na Makambako ni kwamba, kabla ya kuwasaka wauzaji wa mitandaoni, wamuulize kila wakala ana maboksi mangapi ndani, na wasimruhusu aagize mapya hadi ya zamani yatoke. Kwa kampuni nasema: rudisheni fedha za anayejitoa bila kumzungusha, na kanuni hiyo iandikwe kwa Kiswahili katika fomu ya kujiunga. Na kwa wakala nasema: usimtukane muuzaji asiye na mkataba, maana hakukuvunjia ahadi yoyote; na ukiona chupa iliyokwanguliwa, hifadhi picha, tangazo na risiti ya malipo, kisha upeleke taarifa Tume ya Ushindani. Mwenye kuuza bidhaa safi, kwa jina lake na tarehe yake, mwache auze. Nawe shindana naye kwa ujuzi wako na kwa kusimama nyuma ya unachokiuza.

Katika sehemu ya tatu tutaeleza, hatua kwa hatua, mnunuzi aitazameje bidhaa ya mtandaoni kabla ya kutuma fedha.